Byuma Byenye Nilitoa mu Nyumba ya Fidèle

Béa, mwana wangu,

Hii barua usiifungue hapa ku nyumba. Uifungue mu taxi-bus, Likasi ikiwa nyuma yako na Kapolowe ikiwa bado. Kama kuna muntu kando yako mwenye anapenda kuchungulia karatasi za bantu, umugeuzie mugongo. Herufi zangu ni kubwa sawa matofari, ataziona hata akiwa ku siti ya mwisho.

Juu ya maji ya kuchemsha, juu ya chandarua, juu ya nani wa kusalimia kwanza ukifika, mama yako anakuambia tangu juzi na hajamaliza. Mimi sina cha kuongeza pale. Niko na neno moja tu, na nimelibeba miaka saba bila kumuambia muntu, hata padri. Leo utalala mu nyumba ya mujomba wako Fidèle. Ile nyumba inakosa byuma kumi na sita. Ni mimi nilibitoa. Upepo mukubwa ukiikamata vizuri, itaanguka juu ya bantu benye bako ndani. Sasa unajua. Byuma biko pamoja na weye mu taxi-bus, pale juu penye banafunga mizigo, mu ile gunia ndefu yenye nilimuambia mama yako ni miwa ya batoto ya Fidèle.

Usishuke njiani. Soma kwanza mpaka mwisho.

Weye unajua baba yako ni nani. Mu wakati wangu, ku usine, kule kiwandani, tangi ya asidi ikitoboka, habakuita ingénieur, baliita Polycarpe. Soudure yangu unaweza kupitisha kidole juu yake ukifumba macho, hautajua chuma ya kwanza inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi. Bazungu balikuja kuangalia. Bamoja balipiga picha. Shule niliacha ku mwaka wa tatu, baba yangu alikufa na hakukuwa muntu wa kunisukuma, lakini mukono yangu ilisoma kupita mikono ya bantu ya diplome. Ninasema hivi si kwa kujisifu. Ninasema ili uelewe namna gani muntu sawa mimi alishindwa na nyumba ya boulon, ya kukaza na spana tu.

Ulikuwa na miaka kumi na nne wakati camion ilileta ile kit ya nyumba. Kampuni yenye nilimalizia kazi ilikuwa inafunga kambi yake, na kulibakia nyumba zenye hazikufunguliwa hata kidogo. Balipatia bazee bane, kila muzee nyumba moja. Unakumbuka namna lupango yetu, hii kiwanja ya hapa Kikula, ilijaa bantu? Kuta zilikuwa zimelala moja juu ya ingine, bati nje, bati ndani, katikati ile povu nyeupe. Kila ukuta na namba yake. Milango tayari, madirisha tayari na vioo byake. Masanduku ya boulon. Na kitabu moja ya picha na maneno, ya Kifaransa yote.

Nikasimama juu ya ile mizigo mbele ya bantu bote, nikasema, «Siku tatu! Siku ya nne mukuje, bibi yangu atapika kuku humo ndani.»

Bantu balipiga makofi. Mimi nilishuka na kitabu chini ya kwapa sawa muntu mwenye atakisoma.

Sasa hapa njo kosa yangu ya kwanza, na ninaiweka mbele yako bila kuipaka rangi. Weye ulikuwa unasoma vizuri. Ungenisomea kile kitabu kwa siku moja. Lakini namna gani baba anakaa chini ya mutoto wake na kumuambia, soma, mimi sijui? Ulikuwa unafikiri ninajua. Kila jioni nilikuwa ninashika gazeti mbele yako, unakumbuka? Nilikuwa ninaangalia picha. Niliogopa macho yako, Béa mama, njo nikaenda kujitia mu mukono ya Fidèle.

Ju Fidèle alijua. Yeye peke yake mu jamaa yote. Nilipooa mama yako, Fidèle alikuwa bado mutoto wa shule, soksi mpaka ku magoti, na siku moja nilimupatia barua ya kazi anisomee kwa siri. Alinisomea vizuri. Kisha akaniangalia, akacheka kidogo, na akaenda kucheza mupira. Tangu ile siku alikuwa amenishika. Hakusema kwa muntu. Alikuwa anaingia tu kwetu, anakaa ku kiti yangu, na mimi ninanyamaza. Akakuwa karani, akavaa cravate, tai ya shingoni, na akaendelea kukaa ku kiti yangu.

Basi alikuja. Mama yako akamuletea munkoyo ya kunywa. Akafungua kitabu juu ya magoti.

Nikamuuliza, «Shemeki, hapa banasema nini?»

«Banasema uhesabu kuta.»

«Nimezihesabu. Na hapa, ku picha ya hii miguu?»

Ilikuwa miguu kumi na mbili ya chuma, kila moja na skurubu nene katikati, ya kupandisha na kushusha. Ilikuwa mu sanduku yake. Mimi, fundi ya byuma, niliizungusha mu mukono nikaona ni kazi safi, nikajiuliza ni ya nini.

«Ah, hiyo, Muzee? Hiyo ni ya njiani. Banasimamishia kuta mu camion ili zisivunjike. Ukisha kushusha mizigo, unatupa.»

«Kutupa chuma nzuri hivi?»

«Kama hauna kazi nayo nipatie mimi. Nitafanya mbabula, jiko ya makaa.»

Akalamba kidole na akafungua mbele. Niliona ile kidole, Béa. Ilishika karatasi mbili mara moja. Niliona na nikanyamaza, ju muntu mwenye hajui kusoma atauliza nini? Jioni alifunga ile miguu kumi na mbili ku kinga yake, akakanyaga pedali, akaenda.

Kosa ya pili ni ya kwangu mwenyewe, Fidèle hakunisukuma. Unakumbuka kichuguu yetu, ile kubwa yenye ilipita urefu wa nyumba ya jirani. Nusu yake nilikuwa nimeichimba miaka mingi, nikafyatulia matofari ya jikoni na ya ukuta wa mbele, na jirani naye akachukua yake, sawa bantu bote banafanya hapa kwetu. Kulibakia nusu imesimama na shimo kando yake. Mama yako alikuwa anaipenda ile nusu ju ya uyoga. Kila mvua ya kwanza alikuwa anaenda na sahani.

Akaniambia, «Papa Béa, jenga kule nyuma. Udongo ya kule haijaguswa.»

«Kule nyuma nani ataiona?»

«Nyumba ni ya kulala ao ni ya kuonwa?»

Mimi nilitaka pale juu, penye barabara yote itaona. Nikabomoa kile kilibakia, nikajaza shimo na mabomoko na ule udongo wenyewe, nikapiga maji, nikasawazisha, nikamwaga beton, simenti na mawe. Pavema nzuri, laini sawa meza. Muzee mumoja mwashi akapita, akapiga mguu huku, akapiga mguu kule, akasema, «Polycarpe, chini ya hii beton kuna udongo mbili. Huku ni jiwe, kule ni unga.» Nikamuuliza yeye amekwisha kujenga tangi ngapi ya asidi. Akaenda zake.

Nilisimamisha kuta tano kwa siku mbili. Bantu balikuja kuangalia na viti byao. Siku ya tatu mvua ikaanguka, ile ya kwanza ya mwaka, ya usiku na mchana. Asubuhi pavema ilikuwa imepasuka katikati, tangu mbele mpaka nyuma, na upande wa unga ulikuwa umeshuka. Ukuta ya sita haikuingia. Tundu za boulon zilikuwa mbali ya tundu zenzake, vidole viwili. Nikatoboa tundu mpya. Kesho yake ikawa vidole vitatu. Nikatoboa tena. Nilitoboa ile nyumba sawa kichungio, mwana wangu, na bantu balikuwa bamekaa pale ku viti byao.

«Ingénieur Siku Tatu! Kuku iko wapi?»

Jina ilibaki. Mpaka leo kuna bantu Kikula habajui kama ninaitwa Polycarpe.

Kisha uyoga ikaota mu ule ufa. Mama yako alichukua sahani yake. Akainama katikati ya kuta zangu tano, akavuna, akapika. Tulikula tukiangalia sahani.

Kuta zikakaa pale nje mvua yote. Mu mwezi wa tatu Fidèle akakuja, mikono nyuma sawa muntu anatembelea mugonjwa. Akasema, «Shemeki, bintu binaoza. Nipatie ile kit, mimi nitakuletea matofari ya kuchoma, camion kwa camion, mpaka utajenga nyumba ya kweli.» Mama yako akafurahi, yaya zako, bakubwa bako, bakafurahi. Na mimi nilikubali kwa kinywa yangu mwenyewe, nilikuwa nimechoka kuitwa Siku Tatu. Hii nyumba yenye umekulia ndani ni ile matofari. Si mbaya. Lakini mimi sikuitaka.

Usiku wa kabla camion haijakuja, weye ulikuwa ku meza na ile kitabu. Ulikuwa unasoma kwa sauti, unacheza, unafanya sauti ya mwalimu. Najua umesahau. Mimi sikusahau hata neno moja. Ulisema, «Papa, hapa banaandika hii nyumba haiombi pavema. Inasimama juu ya miguu kumi na mbili ya kuzungusha, hata udongo ikiwa mbaya, unapandisha huku, unashusha kule, mpaka inakuwa sawa.» Kisha ukainua macho. «Papa, miguu iko wapi?»

Nikaona ile kidole ya Fidèle tena, mama. Nikakuambia uendelee kusoma. Ukageuza karatasi. «Na hapa kuna byuma bya musalaba, kumi na sita. Binafungwa mbili mbili mu kuta na chini ya paa. Banasema bila hibi nyumba haiwezi kupinga upepo.»

Nikakuambia, enda ulale.

Uelewe vizuri. Ningeweza kumungojea asubuhi ku mulango na kumuambia mbele ya bote, Fidèle, ulinidanganya, uliruka karatasi mbili. Na yeye angejibu neno moja tu: «Kwa nini haukusoma mwenyewe, Shemeki?» Na weye ungekuwa pale, unasikia. Alijua sitasema. Njo maana alidanganya bila kuogopa.

Basi kabla jua haijatoka niliamka, nikatoa byuma kumi na sita mu sanduku yake, nikabifunga mu gunia, nikabizika chini ya makala, yale makaa ya jikoni. Nikapasua ile karatasi ya musalaba mu kitabu. Camion ikafika, Fidèle na cravate yake, na kazi yake ya kuandika orodha. «Byote biko, Muzee?» «Byote biko.» Akaandika. Nikamusaidia hata kupakia, na nilikuwa ninaimba.

Ulikuja ku sherehe ya kufungua ile nyumba, ulikuwa umevaa robe ya bluu. Uliiona. Imesimama ku kilima kidogo pale Kapolowe, sawa sawa, nyeupe, juu ya miguu yangu kumi na mbili. Hakufanya mbabula hata moja. Padri akamwaga maji. Kisha Fidèle akasimama na glasi mu mukono, akasema, «Ninamushukuru sana Shemeki Polycarpe. Bila yeye tusingejua namna gani nyumba hii haijengwi.» Bantu balicheka mpaka balishika matumbo. Nikaangalia mama yako. Alikuwa ameweka mukono ku kinywa, lakini mabega yake yalikuwa yanacheza. Bibi yangu. Pale njo niliapa mbele yao bote kama mguu yangu haitaingia tena chini ya ile paa, na bakasema ni wivu.

Ilikuwa kweli wivu, nusu. Nusu ingine ilikuwa byuma kumi na sita chini ya makala, na ile nusu ilikuwa tamu.

Unataka kujua nilikuwa ninaishi na nini hii miaka saba? Mama yako anafikiri ni bukari, ule ugali yenye anapika. Mimi nilikuwa ninaishi na milango ya Fidèle. Kila sikukuu, kila kilio, tulikuwa tunakutana kwa jamaa, na kila mara alikuwa ananivuta kando.

«Shemeki, weye ni muntu ya byuma. Mulango yangu ya nyuma inafunga vizuri wakati wa baridi. Mvua ikikaribia, upepo ikianza, inakataa. Ni nini?»

«Tia mafuta.»

«Nimetia.»

«Tia tena.»

Mwaka wenye ulifuata ilikuwa madirisha. Mwaka mwingine ilikuwa sauti: upepo ikipiga, kuta zinalia sawa muntu mwenye meno yanamuuma, na Mama Georgette, bibi yake, hasinzii. «Ni povu,» nikamuambia, «povu ya ndani inazeeka.» Akaandika mu kitabu yake ndogo! Karani! Nilirudi na kinga yangu nikiimba njia yote. Tundu za ile byuma ziko wazi mu kila kona ya nyumba yake, zimezibwa na plastiki nyeusi, kumi na sita huku na kumi na sita kule, na miaka saba ule muntu wa diplome hajajiuliza hata siku moja ni za nini.

Mu mwezi wa kumi na moja, mwaka jana, upepo iling'oa veranda yake yote na kuitupa mu shamba ya mahindi. Mama yako alinipatia habari tukitoka Misa. Mama Georgette na batoto bane balikuwa bameingia chini ya meza mpaka mvua ikapita. Nilienda nyuma ya choo, nikacheka mpaka nikakohoa. Ninakuambia kweli, ju leo sitaki kukuficha kitu. Nilicheka siku mbili.

Kisha weye ukakuja na karatasi ya kazi. Kituo ya afya, Kapolowe. Nilikuwa ninataka kukubeba ku mabega nizunguke nawe Kikula yote, mutoto wa Siku Tatu ni infirmière! Na mama yako akapiga makofi: «Atakaa kwa mujomba wake!»

Nikasema, «Akodi chumba.»

«Akodi chumba? Mutoto mwanamuke, hajaolewa, akodi kwa bantu habajui, na mujomba wake ana nyumba pale pale? Batasema nini juu yetu? Papa Béa, ile wivu yako itakuzika.»

Na weye ukaniangalia. Uliniangalia sawa bote bananiangalia. Nikatoka nje.

Nilikaa ku matofari kule nyuma mpaka jua ikazama. Nitakuambia kitu yenye niliona pale, na usiifanye kuwa kubwa kupita namna iko. Mu kichwa yangu, miaka saba, ile nyumba ilikuwa na muntu mumoja tu ndani. Fidèle, amesimama katikati, na glasi yake. Mama Georgette sikumuweka humo. Batoto bane sikubaweka, hata ule mudogo mwenye anaitwa jina yangu. Upepo ilikuwa inakuja, inamukuta Fidèle peke yake, inamaliza kazi, basi. Hata nilipocheka nyuma ya choo, mu ile kicheko hakukuwa muntu mwingine chini ya meza. Ulipokuja na ile karatasi njo nikaanza kubaona, mumoja mumoja, na weye mbele yao.

Usifikiri nimemusamehe. Ukisema kwa muntu kama baba yako alilainika, nitakuja Kapolowe na miguu kukukanusha. Ninamuchukia leo sawa ile asubuhi ya camion. Kama angekuwa anaishi peke yake, ile gunia ingekuwa bado chini ya makala.

Nimefikiri njia mbili. Ya kwanza: unamuambia ni zawadi, Papa alipata byuma ku usine akafikiri bitasaidia veranda. Fidèle anafunga, anashukuru, hajui kamwe. Mama yako hajui. Mimi ninabaki muzee mwenye wivu tu, na ile sherehe yangu ya siri imekwisha.

Ile njia siitaki. Miaka saba nimekula peke yangu. Ninataka ajue. Kwa hivi ukifika, ukisha kusalimia, ukisha kupewa maji, umuambie akae ku kiti, Mama Georgette akae, na ubasomee hii barua yote, na ile ya karatasi mbili na ile ya mbabula. Uisome polepole pale penye ninasema karani. Atanitukana. Ana haki ya kunitukana, na anaweza kuita jamaa yote banihukumu, nitakuja, nitavaa koti. Mama yako nitamuambia mwenyewe leo, taxi-bus yako ikisha kuondoka. Ile ninaiogopa kupita jamaa.

Na Fidèle atataka kusema neno yake, ile moja yenye amechunga tangu soksi za shule. Atasema, «Baba yako, unajua, hajui kusoma.» Hapo umupatie hii karatasi mu mukono. Aiangalie. Ulipokuwa ku masomo Lubumbashi uliacha madaftari yako ya zamani mu sanduku, na mimi nilikuwa ninakaa nayo kila mchana, mulango imefungwa, tangu a mpaka penye nimefika leo. Hakuna muntu alinifundisha. Hii barua imenimaliza siku ine kuandika, na kila herufi ni mukono yangu. Muambie: Muzee anasema anaweza kuhesabu karatasi sasa, moja moja.

Ngazi, apande yeye. Ana nguvu bado, na mimi goti inanikataza na kiapo inanikataza. Weye simama chini na umuonyeshe na kidole. Nimechora kila kitu ku karatasi ya pili. Clé ya boulon iko mu gunia. Azungushe boulon mpaka chuma inakaza, na ukiipiga na kidole inatoa sauti. Ikiwa kimya, bado. Usilale humo kabla kazi haijakwisha. Jua ikizama na kazi bado, balale bote nje ao kwa jirani, na weye pamoja nao.

Kulibakia kitu moja, na hii sikutaka kuiandika. Siku hizi ine nilikuwa ninatafuta namna ya kufunga upande wako tu. Chumba chako ni kile cha upande wa barabara, mama yako aliniambia. Nikasema, byuma bine pale, mwana wangu analala salama, na ile ingine nitabaki nayo, Fidèle aendelee kusikia kuta zikilia. Nilichora mara tatu. Mimi ni fundi, ningepata njia kama ingekuwa. Haiko. Ukifunga kona moja, upepo inapeleka nguvu yake yote ku kona yenye haijafungwa, na ile ikienda inavuta zote. Ile nyumba ni kitu kimoja. Na kona ya kwanza ya kukaza, yenye zingine zote zinapimwa kwayo, ni ya nyuma upande wa mulango yenye haifungi, penye Fidèle analala.

Anza pale, mama. Uikaze vizuri.

Baba yako,
Polycarpe